Ufukwe wa Mpiga Pasi

Jumatatu, 3 Machi

Habari kubwa! Meneja wa nyumba ya wageni ametuita wafanyakazi wote uani saa mbili asubuhi. Amesema wageni wanalalamika, wakishakula na kulala hawana la kufanya. Anataka matembezi mapya ya miguu, kwenda mahali pazuri ambapo hakuna mgeni aliyewahi kupelekwa, na anataka mtu wa kuwaongoza. Atakayemfurahisha Jumamosi ndiye atakayepewa kazi hiyo moja kwa moja. Pamoja na kofia!

Miaka kumi na moja nimesimama chumba cha pasi. Hatua nne kwenda, hatua nne kurudi. Mvuke, shuka, mvuke, foronya. Dirisha lipo, la nyuma, lakini nililipigilia misumari mwenyewe mwaka wa pili kwa sababu ya vumbi. Miguu inaniwasha. Hata usingizini inatembea, mke wangu anasema nampiga mateke. Kazi hii lazima niipate. Nisipoipata nitazeeka mle ndani, na siku ya kuzikwa kwangu watu watasema alikuwa hodari wa kola.

Mpinzani ninaye mmoja tu: shemeji, kaka yake mke wangu, mtunza bustani. Ana buti. Amezaliwa kisiwani hapa, mimi nilikuja kwa ajili ya kuoa. Mchana amepita mlangoni kwangu akipiga mluzi. Mtu hapigi mluzi hivihivi.

Jioni nimekorofishana na Shangazi. Ni shangazi yake mke wangu, ila hapa kazini kila mtu anamwita hivyo. Yeye anafua na kuanika, mimi napiga pasi. Shuka zimekuja na mchanga tena! Mweupe, laini kama unga. Miaka yote namwambia azikung'ute. Akaniuliza kama siku hizi shikamoo inatozwa kodi, maana hajaisikia kwangu tangu asubuhi. Nikamwamkia. Mchanga ukabaki palepale.

Jumanne, 4 Machi

Nimeomba ruhusa kwa jino. Jino halina shida yoyote, lakini nimejifunga kitambaa kichwani mpaka kidevuni ili niaminike. Kosa! Kila niliyekutana naye barabarani alinisimamisha kunipa pole. Muuza duka akanipa karafuu nitafune. Fundi baiskeli akajitolea kuling'oa papo hapo kwa koleo. Nikaongeza mwendo.

Nilitoka lango kubwa saa moja asubuhi na kushika barabara ya kuzunguka kilima. Nikapita machimbo ya mawe yaliyoachwa. Nikaingia kwenye miiba, suruali ikachanika goti moja, halafu la pili. Nikaingia kwenye tope. Kiatu kimoja kikabaki humo dakika kumi, nikakitoa kwa fimbo. Nikajikaza kisabuni. Sikumuuliza mtu njia hata mara moja, maana ukiuliza, ugunduzi si wako tena, ni wa uliyemuuliza.

Saa saba mchana nikatokea juu ya jabali. Jamani!

Ufukwe! Mchanga mweupe umejikunja kama mwezi mchanga, maji ya kijani yanayoonyesha mpaka chini, miti imeinama kutoa kivuli. Hakuna mtu. Ndege tu, wakubwa, weupe, wametulia chini kwa mistari mitatu iliyonyooka. Sijawahi kuona ndege wenye nidhamu kiasi kile. Nimekaa nikalia kidogo. Siandiki hivyo kwa kujisifu. Nililia kwa sababu miaka kumi na moja kitu hiki kilikuwepo na mimi nilikuwa natazama ukuta.

Kushuka jabali kulinichukua karibu saa nzima, kwa makalio. Nilipofika chini ndege walikuwa wamekwisha ruka. Nikaokota kitu kimoja tu mchangani: kibanio cha nguo, cha mti. Kimeletwa na bahari, bila shaka, kutoka nchi ya mbali. Nimekiweka mfukoni kama ushahidi. Nilipofika nyumbani jua likizama, mke wangu akauliza kwa nini mganga wa meno ananipaka tope. Nikamwambia ni dawa.

Jumatano, 5 Machi

Nachechemea, lakini moyo unacheza ngoma. Ufukwe nimeupa jina langu. Kwa sasa jina hilo linajulikana na mimi peke yangu.

Tatizo ni ramani. Karatasi shemeji angeiona, huwa anapekua hata taka akidai anatafuta mbolea. Basi nikachukua foronya moja kuukuu na kuchora njia yote kwa kalamu ya wino: lango, kilima, machimbo, miiba, tope, jabali. Nikaikunja na kuichomeka katikati ya rundo la foronya sitini. Nani atatafuta foronya ndani ya foronya? Nilicheka peke yangu mpaka pasi ikaunguza taulo.

Kisha suruali. Shemeji ameniletea suruali yake ya kazi, kaki, nimnyooshee kwa ajili ya Jumamosi. Yaani ananikabidhi silaha mkononi! Nimeitia wanga mara tatu. Mara ya kwanza ikakakamaa. Mara ya pili ikagonga meza kama ubao. Mara ya tatu nikaisimamisha sakafuni nikaiachia, ikabaki imesimama yenyewe. Hatakunja goti mtu humo! Nimemrudishia kwa tabasamu. Amenishukuru sana, hata akaniita ndugu yake. Nilijisikia vibaya karibu dakika nzima.

Alhamisi, 6 Machi

Msiba.

Asubuhi nilikuwa napiga foronya pasi, mbiombio, akili iko ufukweni. Moja, mbili, kumi, ishirini. Ghafla nakuta foronya ina mistari ya wino kila upande. Damu ikanichemka. Uchafu gani huu! Nikaitupa kwenye kapu la kurudishwa kufuliwa, nikapaza sauti hadi uani kwamba Shangazi siku hizi macho yake yako likizo. Nikaendelea. Nilipofika foronya ya hamsini ndipo nikakumbuka wino ule ni wa nani.

Nilitimua mbio na viatu vya ndani. Nikamkuta anaikamua. Nyeupe pe! Akasema doa lile lilikuwa sugu, amelitia dawa mara mbili na kulisugua kwa mikono yake, nisirudie kumtangazia uzembe mbele ya watu. Akaongeza kwamba aliyechora yule mbuzi hana kipaji. Nikamwambia hakuwa mbuzi. Akasema hata hivyo, pembe zilikuwa fupi.

Sijala mchana. Mke wangu ameuliza kama ni jino. Nikasema ndiyo, na safari hii niliona linauma kweli.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji amemwonyesha Meneja njia yake leo asubuhi. Kilima kifupi nyuma ya tangi la maji! Ukifika juu unaliona tangi kwa upande mwingine. Meneja amesema ni pazuri kwa wapenda matangi. Nikapata moyo. Nikajitokeza nikasema ninao ufukwe ambao hakuna mguu wa binadamu uliowahi kuukanyaga. Shangazi aliinua kichwa kutoka kwenye karai akataka kuuliza kitu, nikamwashiria asubiri zamu yake. Meneja amekubali. Kesho anakuja yeye, wageni wawili na shemeji wa kubeba maji. Shemeji kunibebea mimi maji!

Ramani sina, lakini miguu inakumbuka.

Mke wangu amekagua suruali yangu, magoti yote mawili wazi. Amesema siwezi kuongoza watu nikiwa nusu uchi, niachie yeye, atapata nyingine. Mwanamke wa thamani huyu. Simstahili.

Jumamosi, 8 Machi

Ameniazimia suruali ya kaka yake.

Alisema ilikuwa imenyooshwa vizuri mno kuliko zote alizowahi kuona. Shemeji ameitoa kwa moyo mweupe, yeye akavaa ya zamani. Ningesema nini? Niliingia humo kama mtu anayeingia bomba. Nikatoka langoni miguu imenyooka, mguu huu, mguu ule, kama bikari. Mgeni mmoja, mwalimu mstaafu, alimnong'oneza mkewe kwamba kiongozi wetu ana mwendo wa kijeshi.

Machimboni tulizunguka mara tatu. Mara ya tatu mke wa mwalimu aliliamkia jiwe moja, alisema wameshafahamiana. Kwenye miiba nilishindwa kuinama, matawi yote nikayapokea kwa uso. Kwenye tope nilianguka chali, na kwa sababu ya ile suruali sikuweza kuinuka. Shemeji alinisimamisha kama anasimamisha nguzo, akanipangusa, akanipa maji kabla ya Meneja. Wala hakucheka. Hilo ndilo liliniuma kuliko miiba.

Saa nane, hakuna ambaye bado anazungumza na mimi, tukatokea juu ya jabali.

Meneja alishika kifua. Mke wa mwalimu alimshika mumewe mkono. Nikasubiri, nikasubiri tena, kisha nikapanua mikono nikawaambia huu ndio ufukwe wangu, na wale pale chini ni ndege wa nadra sana, hukaa kwa mistari.

Mwalimu alikuwa na darubini. Akatazama. Akairekebisha, akatazama tena. Akasema kwa upole kwamba ndege wale wana pindo. Baadaye kidogo akasema mmoja ana nembo ya nyumba ya wageni. Halafu akasema katikati yao ameketi mama mmoja juu ya karai, anakunywa chai.

Tulishuka kwa makalio, Meneja pia. Shangazi akatukaribisha. Nikamwamkia kabla ya wote, jasho linanitiririka. Meneja akamuuliza huwa anaanika hapa tangu lini. Akajibu tangu kabla sijaoa, maana upepo ni mzuri na mchanga ni msafi. Meneja akamuuliza huwa anatumia muda gani kufika. Akasema kama dakika ishirini. Kapu likiwa zito, ishirini na tano. Jana alitaka kuuliza uani kama ni huku, lakini aliambiwa asubiri zamu yake.

Wote walinigeukia. Nikatoa kibanio mfukoni, sijui kwa nini, labda nilitaka mkono uwe na kazi. Shangazi akakichukua akanishukuru. Alikuwa amekitafuta tangu Jumanne.

Tulirudi kwa njia yake. Dakika ishirini, chini ya kivuli, hakuna mwiba hata mmoja. Inatokea nyuma kabisa ya chumba cha pasi, mbele ya dirisha lenye misumari kumi na miwili. Niliihesabu. Niliigongelea vizuri sana.

Jumanne, 11 Machi

Kazi ya kuongoza wageni amepewa Shangazi. Kofia inampendeza, sina budi kukiri. Wageni wanamsikiliza kama redio. Shemeji anapalilia kingo za njia. Suruali yake nimeifua kwa mikono yangu mwenyewe, maji matano, sasa inakunjika. Amenishukuru tena! Mtu huyu atanimaliza.

Meneja hakunifukuza. Amenipa kazi ya kuanika iliyoachwa na Shangazi, na msichana mpya atapiga pasi. Misumari ameiamuru itoke. Kwa hiyo kila asubuhi nabeba kapu dakika ishirini na tano na kukaa ufukweni mpaka shuka zikauke. Niko nje. Nina upepo. Ndicho nilichokitaka, karibu chote. Mke wangu anasema usiku siku hizi natulia.

Nimetulia mpaka leo saa nne asubuhi.

Ng'ambo ya maji kuna kisiwa kidogo. Sikukiona mwanzo kwa sababu ya ndege. Maji yakipwa, kwa kupitia mwamba ulioko pale, mtu anaweza kuvuka kwa miguu mpaka kule. Hakuna moshi, hakuna nyumba. Nimepiga hesabu ya maji na jua. Alhamisi. Jino litaanza kuuma kesho jioni.

Shangazi alipita na wageni, akaniona natazama kule, akasimama akaanza kusema kwamba kisiwa kile, wakati wa mvua, yeye na marehemu mama yake walikuwa wakienda... Nikamzuia kwa heshima zote. Nikamwambia shikamoo, mambo mengine mtu lazima ayagundue mwenyewe. Amerekebisha kofia yake, akaondoka na wageni wake.

Kuna kitu cheupe kinapepea kule, kwenye mstari mmoja ulionyooka. Ndege. Safari hii nina hakika.