Tuzo ya Mwajiri Bora

Wakili aliingia dukani siku hiyo kurudisha pasi ambayo hakuinunua hapo. Hakuinunua popote, tukisema ukweli. Aliikuta imekaa peke yake dirishani kwa jirani, akaihurumia. Mpango ulikuwa mwepesi: aiweke kaunta, alalamike kwa sauti ya mtu aliyesoma, ataje vifungu viwili vitatu vya sheria alivyovibuni njiani, kisha atoke na pesa taslimu. Chuo cha sheria alikiona kwa nje tu, enzi zile akiuza kalamu kwenye kivuli cha ukuta wake. Lakini suti yake ya kijivu ilimkaa vizuri, tai ilinyooka, na ulimi wake ulikuwa unateleza hata pasipo mvua. Mtaa mzima ukamwita Wakili, naye hakuona sababu ya kuusahihisha.

"Pasi hii hatuuzi," alisema mwanamke wa kaunta.

"Dada yangu, kwa mujibu wa kifungu cha..."

"Kwa mujibu wa macho yangu, imeunguza shati la mtu. Kitambaa hiki hapa, kimeganda."

Wafanyakazi wenzake walimwita Dada Chenji, maana chenji yake haikuwahi kupungua wala kuzidi. Wakili alikuwa akifungua mdomo kujibu pale Mzee wa Stoo alipotokea nyuma, mikono imejaa vumbi la maboksi.

"Mwanangu, mwezi huu wamenikata tena."

"Kwa kosa gani, Mzee?"

"Sahani. Zile zilizovunjika ndani ya lori."

"Lori hata lilikuwa halijafika!"

"Baba anasema ningekuwa na moyo wa kazi ningezisikia zinavunjika, nikatoka kuzilaki."

Wakili akafunga mdomo. Akaichukua pasi yake taratibu, akasogea kwenye mapazia, akajifanya anachagua rangi. Masikio yake yalikuwa yamesimama wima.

Aliyoyasikia yalimtosha. Mwenye duka alitaka aitwe Baba, kwa sababu, alisema, sisi hapa ni familia, na familia haihesabiani masaa. Kila jioni, muda wa kufunga ulipofika, Baba aliteremsha mlango wa chuma hadi katikati na zamu ya pili ikaanza: kupanga rafu, kubandika bei mpya, kuhesabu masufuria na magodoro. Zamu hiyo haikuwa na malipo. Ilikuwa na shukrani. Mshahara wenyewe ulikuwa chini ya kiwango cha sheria, na ulifika mkononi ukiwa umeshakonda kwa makato: ya kuchelewa, ya kuvunja, na haya mapya, ya kutotabasamu.

Mtu mwingine angesikitika. Wakili alisikitika pia, kidogo, kisha akapiga hesabu. Watu wenye uchungu wa haki, alijua yeye, hulipa ada bila kuuliza risiti.

Kesho yake, wakati wa chai, aliwakuta nyuma ya duka wamekaa juu ya maboksi, akajitambulisha kuwa mratibu wa Shirika la Kutetea Jasho.

"Ofisi yenu iko wapi?" Dada Chenji aliuliza.

"Tunahama."

"Mnahamia wapi?"

"Ndilo suala lililo mezani." Wakili akashusha sauti. "Ndugu zangu, mnadai masaa ya miaka. Shirika litayadai yote. Ninyi mnachangia ada ya usajili tu, kidogo mno, hata naona aibu kuitaja."

Aliitaja. Wakatazamana. Mzee wa Stoo alikuwa wa kwanza kuingiza mkono mfukoni. Dada Chenji alikuwa wa mwisho.

"Mtoto wangu mdogo anamwita jirani mama," alisema akihesabu noti polepole. "Mimi ananiita shangazi. Namkuta amelala, namwacha amelala. Kama shirika lako lipo, nisaidie. Kama halipo, basi Mungu anakuona."

Wakili alipokea pesa zile bila kumwangalia usoni. Nusu saa ilipita kabla hajajisikia vizuri tena, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Basi, baada ya kuwauzia wafanyakazi haki yao, aliona ni vyema amuuzie mwajiri kimya chao. Akapanda ghorofani kwa Baba. Baba alikuwa ameketi kwenye sofa la maonyesho lililokuwa bado na nailoni yake, na kila alipojisogeza lilitoa mlio kama bata aliyekanyagwa.

"Wafanyakazi wako wanataka kwenda serikalini," alisema Wakili. "Mimi naweza kuwatuliza. Kuna gharama ndogo."

Baba hakukasirika wala kubishana bei. Alimtazama kwa upendo wa mzazi aliyempata mwanawe aliyepotea.

"Kijana, kipaji chako kinaozea barabarani. Kwa nini uchukue mara moja, wakati unaweza kuchukua kila mwezi? Nakupa cheo. Meneja wa Ustawi wa Familia."

Akataja mshahara. Wakili akameza mate. Alikuwa amewahi kuiba zaidi ya hapo, lakini hakuna mtu aliyewahi kumwahidi kiasi kile kwa hiari yake. Jioni ile alimpigia mama yake simu.

"Mama, nimepata kazi."

"Kwani si unafanya kazi mahakamani siku zote?"

"Hii ni nyingine, Mama. Hii ipo."

Wale mnaocheka sasa, nawaomba mpunguze. Tapeli aliyesomea barabarani anajua kila mtego wa barabarani. Mtego wenye kiti, cheo na jina lililobandikwa mlangoni hakuwahi kuuona.

Kwanza alipewa aproni, eti mameneja wa siku hizi wako karibu na watu. Halafu ufagio. Mfanyakazi wa kaunta ya pili alipoumwa, Wakili akashika mashine ya malipo, akawa mwepesi kweli kweli. Jioni mlango wa chuma uliteremka naye akiwa ndani, akibandika bei kwenye masufuria hadi vidole vikashikana kwa gundi. Mwisho wa mwezi akapanda ghorofani.

"Mwezi wa kwanza ni wa mafunzo," Baba akamwambia. "Ilibidi nikutoze, lakini nimekusamehe."

Mwezi wa pili: "Nimekuwekea akiba."

"Wapi?"

"Kwangu."

Mwezi wa tatu alikatwa aproni, chai, na uchakavu wa sakafu, kwa kuwa viatu vyake vilikuwa na kisigino kigumu. Kwa hesabu ya Baba, Wakili ndiye aliyekuwa anadaiwa.

Kwa nini hakuondoka? Swali hilo alikuwa amewacheka nalo wenzake siku ya kwanza. Sasa alilijua jibu: ukiondoka, unayaacha yote unayodai. Ukibaki, unaongeza deni la mtu asiyelipa. Alikuwa amewaingiza mjini watu wengi maishani mwake, lakini kwa dakika kumi tu kisha wakaendelea na safari zao. Huyu alikuwa anamwibia kutwa nzima, na asubuhi Wakili anarudi mwenyewe, ameoga.

Siku moja alikaa juu ya boksi nyuma ya duka, miguu imevimba, akavua kiatu. Dada Chenji akampa nusu ya mkate wake.

"Shirika halipo," alisema Wakili.

"Tunajua."

"Tangu lini?"

"Tangu 'tunahama.' Lakini tulisema, mtu mwongo namna hii huenda siku moja akatufaa." Akapangusa makombo. "Kaka, wewe kazi yako ni kudanganya. Umekaa hapa miezi mitatu unafagia. Huoni haya?"

Aliona. Na haya hizo ndizo zilizomwamsha.

Kila mtu dukani alijua donda la Baba. Shemeji yake, muuza mabati, alikuwa amepewa cheti na chama cha wafanyabiashara, na kila sikukuu alikitundika mahali ambapo Baba lazima akione akila. Wakili akapanda ghorofani, uso umejaa siri.

"Baba, sijui kama niseme. Kuna kamati. Inatafuta Mwajiri Bora."

Sofa likalia.

"Wamefika kwa shemeji yako," Wakili akaendelea, "lakini mimi nikawaambia, subirini kwanza."

"Wanataka nini?"

"Kombe lipo. Video ipo, itasambazwa kila mahali. Wanachotaka ni kuona mwajiri anawalipa watu wake malimbikizo yote ya masaa ya ziada, hadharani, kwa bahasha."

Baba akakunja uso. "Kulipa?"

"Picha tu, Baba. Wakishapigwa picha wanapita stoo, bahasha zinarudi kwangu, mimi nakuletea. Ila noti ziwe za kweli na kiasi kiwe sahihi. Kamera za siku hizi zinaona hadi jasho la noti."

Alipomaliza kwa Baba, alishuka kwa wafanyakazi. "Mkishika bahasha, msitoke mbele. Baba atawapekua. Piteni mlango wa nyuma, mnipe mimi, nizipakie kwenye begi, tugawane baadaye mahali salama."

"Mahali gani?" Dada Chenji aliuliza.

"Tutaelewana."

"Sawa, kaka," akasema, akatabasamu tabasamu ambalo Baba angelilipia. Wakili, mtu wa kusoma nyuso za watu, alilitazama na hakusoma kitu. Alikuwa anawaza pikipiki aliyoikodi, itakayomsubiri nyuma ya duka, na stendi ya mabasi ya mbali.

Jumamosi asubuhi duka lilijaa. Viti vya plastiki vilifungwa utepe, sufuria kubwa kuliko zote ikageuzwa kuwa meza ya heshima. Wifi yake Dada Chenji, ambaye hupiga video za harusi, alisimama na kamera yake begani. Kombe lilinunuliwa duka la michezo na lilikuwa na mtu anayepiga mpira. Wakili alishaeleza kwamba mpira ni uchumi. Shemeji mwenye mabati alikuwa amealikwa, akawekwa mstari wa mbele ili aumie vizuri.

Baba akasoma hotuba aliyoandikiwa. Mwanzoni alisoma kama mtu anayesoma bili ya maji, lakini wateja walipopiga makofi, ile sauti ikamkolea.

"Wanangu! Kwa miaka mingi mmebaki hapa baada ya kazi, na sikuwalipa! Mshahara wenyewe nimewapunja! Leo nawalipa haki yenu. Si zawadi! Si mkopo! Ni jasho lenu!"

Machozi yakamtoka. Hata shemeji alijifuta jicho, ingawa kwa sababu zake. Bahasha zikatolewa moja moja, zikafunguliwa mbele ya kamera, zikahesabiwa, na kila mtu akapeana mkono na Baba. Wakili hakusubiri mwisho. Alipenya stoo, akatoka nyuma, akakaa tayari na begi limefunguliwa. Pikipiki ilikuwa inanguruma.

Akasubiri. Mwenye pikipiki akazima injini kuokoa mafuta. Wakili akasikia makofi, akasikia vigelegele, na kisha akasikia kitu kibaya zaidi: vigelegele vikienda mbali.

Wafanyakazi walikuwa wametoka kwa mlango wa mbele, wote pamoja, katikati ya wateja waliokuwa wakiwapongeza na kuwapisha njia. Mzee wa Stoo alikuwa anapungia watu mkono kama bwana harusi. Kufika barabarani, Dada Chenji aliweka bahasha kifuani, akavua aproni, akaikunja vizuri na kuiacha juu ya kiti chenye utepe. Kisha akashika njia ya nyumbani kwake jua likiwa bado kali, akaanza kutembea haraka, halafu akakimbia.

Baba naye alikuwa anapiga kelele za wizi. Askari wa zamu aliyekuwa jirani akaja.

"Wameibaje?"

"Nimewapa pesa, wakaondoka nazo!"

Wifi akampa askari kamera. Askari akatazama video yote, hotuba hadi machozi, akairudia sehemu ya jasho.

"Mzee, hapa unasema mwenyewe ni haki yao."

"Ilikuwa picha tu!"

"Picha nzuri," alisema askari, akamrudishia wifi kamera yake.

Hapo ndipo Wakili alipotokea stoo, begi tupu mkononi, akitafuta njia ya kuwafuata wafanyakazi. Baba akamnyooshea kidole.

"Huyu! Meneja wangu! Yeye ndiye aliyepanga!"

"Meneja wako?" Askari akageuka. "Na yeye umemlipa?"

Kamera ya wifi ilikuwa bado inawaka. Baba akaitazama. Akaona mshahara wa miezi mitatu mingine ukimjia kudaiwa mbele ya shemeji yake. Kidole kikashuka.

"Nimekosea. Simjui. Ni mteja."

Askari akamgeukia Wakili. "Wewe ni mteja?"

Wakili akawaza. Akisema ni mfanyakazi, atadai mshahara wake, kisha ataulizwa kuhusu kamati, kombe, na begi. Akameza miezi mitatu kwa mkupuo mmoja.

"Ndiyo, afande. Nilikuja kununua beseni."

"Basi nunua."

Askari hakuondoka. Aliegemea kaunta akisubiri aone. Wakili akachukua beseni jekundu kwenye rafu, lenye bei aliyoibandika mwenyewe, akatoa pesa ya nauli. Baba akaingia nyuma ya kaunta na kuitazama mashine ya malipo kama mtu anayetazama injini ya ndege. Akabonyeza huku, akabonyeza kule. Mashine ikalia, haikufunguka.

Wakili akaangalia kwa muda, uvumilivu ukamwisha. Akazunguka kaunta, akamsogeza Baba pembeni kwa kiwiko, akabonyeza panapotakiwa, akapokea pesa yake mwenyewe, akajipa chenji, akajikatia risiti na kujishukuru kwa kuja.

Alipoinua uso, nyuma ya beseni kulikuwa na foleni hadi mlangoni.

"Na mimi nina sufuria mbili na pazia," alisema mama mmoja wa mbele, akiviweka kaunta.

Wakili akamwangalia askari. Akaangalia mlango. Akavuta pumzi ndefu.

"Karibu, mama," akasema.