Wiki Niliyompumzisha Mama Speciosa

Jumatatu, 22 Desemba 2025

Jambo hili sijamwambia mtu, hata mama. Wazo la kumpumzisha Mama Speciosa lilikuwa langu. Kiwandani wote wanadhani ni la Mjomba Asmani. Mjomba mwenyewe sasa anadhani ni lake.

Nilimnong'oneza Ijumaa, siku shule yetu ya lise ilipofunga. Mimi hunong'ona kila kitu, si siri tu. Sauti yangu haijawahi kuvuka meza. Nilimwambia kwamba mashine ya kukamua mawese anayo, mota anayo, lakini foleni yote iko mikononi mwa mama mmoja anayetambua marundo ya machikichi kwa vitambaa vya wenyewe na kuyanusa. Hana hata daftari. Akiugua, foleni inaugua naye. Mimi nimesoma kitabu kizima cha maswali na majibu kuhusu hifadhidata, kwa wanaoanza, kwa Kifaransa, ukiondoa kurasa zilizoliwa na panya. Tukiandika kila rundo ndani ya kompyuta yake ya zamani, kompyuta itasema yenyewe nani anafuata.

Mjomba alichezea funguo zake. Kisha akasema: haya, mwipwa wangu, jaribio la wiki moja. Likifaulu, atamwomba baba aniache nikasome informatiki, mambo ya kompyuta, Bujumbura, na Mama Speciosa atabaki nyumbani kwake moja kwa moja.

Ile ya Bujumbura niliisikia vizuri sana. Ile ya pili nimeisikia leo.

Mama Speciosa aliuliza amekosa nini. Mjomba akasema hakuna kosa, ni maendeleo tu, apumzike hadi Jumamosi tuone. Akanitazama. Mimi nikatazama kibodi. Mama Speciosa ameishika foleni ya kiwanda hiki miaka kumi na moja. Alinipa kiti chake, akaniambia kina mguu mmoja mbovu, nikae upande wa kushoto. Akaondoka.

Nimeingiza marundo ishirini na matatu. Kila moja na nambari yake. Nimekaa upande wa kushoto.

Jumanne, 23 Desemba

Aibu!

Niliiamuru kompyuta ipange marundo kwa nambari. Ikapanga. Sikuangalia, kwa nini niangalie? Nikanong'ona majina, na Waziri, fundi wa mota, akayarudia kwa sauti yake inayofika hadi ziwani. Rundo la kwanza. Safi. Kisha la kumi. Kisha la kumi na moja, la kumi na mbili, hadi la kumi na tisa. Ndipo likaja la pili.

Rundo la pili ni la Bibi Kadidja. Alifika kabla ya jua, akakaa juu ya machikichi yake mwenyewe akingoja. Akaja mezani kwangu na fimbo. Akauliza mbele ya watu wote, fimbo ikiielekea kompyuta, ordinateri hii ilisoma wapi, maana hata mutoto mudogo wa maternele anajua mbili inakuja nyuma ya moja. Waziri akasema labda ilifukuzwa darasa la kwanza. Watu wakacheka. Mimi nikaingiza kichwa ndani ya droo kana kwamba natafuta kalamu.

Kitabu, swali la kumi na nne, kilikuwa na jibu. Niliihifadhi nambari kama maandishi, na kompyuta huyapanga maandishi kwa kutazama alama ya kwanza, kama kamusi. Kumi inaanza na moja, basi inakaa jirani ya moja. Nimebadilisha safu ile iwe ya hesabu. Moja, mbili, tatu. Uzuri ulioje!

Nilipitia kwa Mama Speciosa njiani. Alikuwa anafagia uwanja uliokwisha fagiliwa. Sikusimama.

Jumatano, 24 Desemba

Leo usalama.

Mjomba husahau maneno ya siri, hivyo niliweka moja tu kwa ajili yetu sote, fupi, nikaliandika kwenye karatasi na kuibandika juu ya kioo cha kompyuta. Nilidhani huo ni wema.

Asubuhi mama mmoja aliyekuwa wa mwisho jana jioni akajikuta wa kwanza. Nani kabadilisha? Kompyuta inasema ni mtumiaji "kiwanda". Sisi wote ni "kiwanda". Mjomba akaapa si yeye. Waziri akaapa kwa mota yake.

Waziri huita kila mtu kwa kelele, huita hata mjomba kwa kelele. Lakini alipofika kwa yule mama wa kwanza aliinamisha macho, akalitamka jina kwa sauti ndogo kuliko yangu. Nikaelewa. Mama mkwe wake!

Nikamnong'oneza kwamba nimejua. Alinisihi. Akasema mimi bado mtoto, sijui maana ya kuwa na mkwe ndani ya foleni. Mama Speciosa alikuwa anamjibu yule mama kwa adabu, akimnusia machikichi na kumwambia yangoje, naye anangoja bila kununa. Sasa nani wa kumwambia? Ordinateri?

Nimempa kila mtu neno lake la siri. Waziri anaweza kusoma orodha, hawezi kuibadilisha. Neno langu lina herufi kumi na tano. Mama mkwe nimemrudisha mwisho. Jioni Waziri hakuniaga.

Alhamisi, 25 Desemba

Siku mbaya. Naandika haraka ili iishe.

Mwenye rundo mmoja, Hamissi, alichoka kungoja, akapakia machikichi yake kwenye baiskeli na kwenda zake. Nikaiambia kompyuta: futa Hamissi. Kompyuta ikajibu kwa utulivu kwamba imefuta mistari minne.

Minne! Mji mzima umejaa akina Hamissi, nami nimewafuta wote kwa pigo moja. Hakuna njia ya kurudi. Swali la ishirini na mbili linasema: usifute kwa jina, futa kwa nambari; kabla ya kufuta, tafuta kwanza uone kitakachofutwa; na kila siku weka nakala mahali pengine. Swali hilo nililisoma baada ya kufuta.

Hamissi watatu waliobaki walisimama mezani, kila mmoja akisema yeye ndiye aliyetangulia. Mmoja akanishika mkono wa gauni. Nikatamani kulia, nikalia kidogo.

Hapo akapita Mama Speciosa akitoka misa ya Noeli, na vitenge vyake vipya. Akasimama nje ya ua, akatusalimu, amahoro. Waziri akamweleza kwa kelele. Watu wanaendelea kufunga vitambaa vyao kwenye marundo kwa mazoea, ingawa mimi sivitazami. Yeye akavitazama kwa mbali. Kile cha maua mekundu ni cha Hamissi wa msikitini, anatangulia. Kile cha samaki, Hamissi mrefu. Cha mwisho Hamissi mwenye mapacha, na aache kumvuta mutoto wa watu. Wakajipanga hivyo wote watatu. Ilikuwa kweli.

Akaingia, akapita katikati ya marundo na viatu vyake vya misa. Akainama kwenye rundo la Esha, aliyefika leo kutoka mlimani. Akanusa. Akaniambia: mwanangu, hii ya Esha iweke mbele, imechoka, itachacha. Nikamwambia Esha ana nambari ya Jumamosi, na jedwali langu halina mahali pa kuandika uchovu. Nilisema hivyo hivyo. Akanitazama kidogo, akasema sawa, akashukuru, murakoze, akaenda kula Noeli yake.

Mjomba aliporudi aliuliza akina Hamissi wamepatikanaje. Nikasema nilikuwa na nakala.

Ijumaa, 26 Desemba

Nilitaka asubuhi moja tu ya kulala. Nikaweka ratiba: kila siku saa kumi na mbili asubuhi kompyuta ichapishe yenyewe orodha ya siku hiyo. Na kwa kuwa mimi si mjinga, nikaongeza: kama umeme ulikatika, ichapishe mara tu inapowaka.

Umeme ulikatika. Ukarudi. Ikachapisha.

Nilipofika saa tatu watu ishirini walikuwa wamesimama, mapipa baridi, mota kimya. Waziri, aliyezuiwa kubadilisha chochote, alikuwa amesoma karatasi kama ilivyo: leo hakuna mtu. Bibi Kadidja, ambaye mawese yake yalishakamuliwa tangu Jumanne na ambaye sasa huja kutazama tu, alimuuliza kama hawa anaowaona ni majini.

Kosa: betri ndogo ya ndani imekufa. Kompyuta hii ya zamani ikikosa umeme husahau tarehe na kuamka tarehe mosi Januari 2008. Niliiomba orodha ya leo. Kwake leo ni siku ambayo baba na mama hawajaoana. Kweli hakuna mtu.

Fundi wa saa sokoni alikuwa na betri ya aina ile. Nimeiweka mwenyewe. Nimeandika pia kwamba kabla ya kuchapisha ikague mwaka. Sasa kila kitu kinafanya kazi. Kila kitu! Kesho ndiyo siku ya mwisho ya jaribio.

Wakati wa sala ya Ijumaa, mama aliniuliza kwa nini sina furaha. Nikasema nimechoka macho.

Jumamosi, 27 Desemba

Hakuna kosa lolote leo. Nambari zilifuatana. Tarehe sahihi. Hakuna aliyefutwa. Mjomba alisimama nyuma yangu mikono mgongoni, akiwaambia watu kwamba huyu ni mwipwa wake.

Ikafika zamu ya Esha. Wakamkamulia. Mnunuzi wa Bujumbura akachovya kidole, akaonja, akatema. Akasema mawese haya yanakwaruza koo, yatafaa sabuni tu. Esha alieleza taratibu: alikata machikichi Jumapili, mvua ikaharibu njia, akafika Alhamisi, akangoja nambari yake. Hakunitukana. Alifunga mabidoni yake matatu ya mawese, moja, la pili, la tatu, akikaza kila kifuniko kwa nguvu. Heri angenitukana.

Nimeelewa sasa. Mimi napanga kwa siku ya kufika. Mama Speciosa hupanga kwa siku ya kukatwa, na siku hiyo haulizi, anainusa. Kompyuta yangu ilijibu sawasawa swali ambalo halikuwa lenyewe. Na niliambiwa! Niliambiwa Alhamisi na mtu aliyevaa viatu vya misa.

Mjomba alichovya kidole, akaonja mwenyewe. Kisha akamtuma Waziri aende akamwite Mama Speciosa, arudi leo leo, na amwambie hakukuwa na ubaya.

Waziri akarudi peke yake. Mama Speciosa alianza kazi jana kwa Yonasi, mwenye mashine ya ng'ambo ya barabara. Amemjibu Waziri kwa upole kwamba ameshatoa neno lake.

Hapo ndipo nikainua kichwa. Kompyuta inasema tuna marundo thelathini na moja. Uwanjani nimehesabu tisa. Mengine yamekuwa yakivuka barabara tangu asubuhi, juu ya vichwa na baiskeli, na vitambaa vyake, wala hakuna aliyekuja kunieleza nifute. Bibi Kadidja pia amehama, na yeye hana hata rundo.

Mjomba aliniambia nizime kitu hicho. Habari ya Bujumbura hakuitaja. Mimi pia sikuitaja.

Jumapili, 28 Desemba

Nilikwenda kwa Yonasi kukiri. Niliandika sentensi sita kwenye karatasi. Ya kwanza: Mama, aliyekuondoa ni mimi.

Mama Speciosa alikuwa katikati ya marundo ananusa. Akaniuliza kama nimekula. Akanipa ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa ziwani, nikala. Akasema nisiumie moyo, anamjua mjomba wangu, mtu wa haraka. Mimi ni mutoto, nilitumwa tu. Ulikuwa wakati mzuri wa kutoa karatasi. Nilikuwa na ndagala mkononi. Nikasema pole, Mama. Akasema hakuna neno, hapa ameshapokelewa vizuri, kazi iko.

Karatasi ikabaki mfukoni.

Nilipokuwa nanawa mikono niliitazama foleni ya Yonasi. Marundo zaidi ya hamsini, pamoja na yetu. Vitambaa viwili vinafanana kabisa! Mama Speciosa anazunguka juani tangu asubuhi, mkono kiunoni. Nikamhurumia sana. Nikaona deni langu ni kumpunguzia kazi. Tena hifadhidata haikuwa na kosa, kosa lilikuwa safu mbili zilizokosekana: siku ya kukatwa, na harufu, kuanzia moja hadi tano.

Yonasi alikuwa kwenye mapipa. Nikamnong'oneza. Aliinama kunisikia. Akauliza kama kitu hicho kinaweza kunusa. Nikamweleza kwamba hakiwezi, lakini Mama Speciosa akitutajia harufu za wiki nzima, tutaziandika zote, na baadaye siku ya kukatwa itatosha kutupa jibu. Akafikiri. Akauliza, na baada ya hiyo wiki? Nikasema itategemea matokeo. Akatazama upande wa Mama Speciosa, kisha akaniambia nije Jumanne.

Nilikwenda kwa Mjomba Asmani kuazima kompyuta. Akasema niichukue, hataki kuiona. Niliifunga ndani ya kanga, nikaibeba kichwani hadi nyumbani. Nikachora jedwali jipya lenye safu saba. Nikaweka nakala yake mahali pawili.