Isukuti ya Umeme ya Fahali Tingatinga

Jumatatu, 4 Agosti
Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza. Baba mdogo Shivachi amegombana na wapiga isukuti. Aliwaambia matangani kwamba ngoma yao inalia kama ndoo. Sasa wamegoma. Jumamosi fahali wake, Tingatinga, anapigana na fahali mwenzake katika uwanja wa Khayega, na fahali asiye na ngoma ni sawa na bwana harusi aliyekuja peke yake kwa boda boda. Baba mdogo hali, halali. Nikaona nafasi. Nikamwambia nitamtengenezea isukuti ya umeme: spika, amplifaya na kikompyuta kidogo kama kiberiti. Akaniangalia sana. Akasema sawa, lakini Tingatinga akishindwa, chumba cha mbele ninachofanyia ufundi kinakuwa cha ingokho. Kuku! Chumba changu chenye dirisha la barabarani!

Jumanne, 5 Agosti
Kupima spika. Kazi ya kuchosha kuliko kuvuna miwa. Unaichezea mlio unaopanda polepole, kutoka mngurumo hadi sauti ya mbu. Simu inasikiliza na kuchora mstari. Hapo unaona spika inakwaruza wapi na inabeba nguvu kiasi gani kabla haijaungua, ndipo unaiwekea amplifaya mipaka. Napimia zizini ili fahali azoee. Mlio wa kwanza tu akapiga ndoo teke, akanikanyagia kiatu. Mama Phoebe, mke wa baba mdogo, akasema ng'ombe haiogopangi kitu ikiwa inakula. Basi kila mlio, namtupia vilele vya miwa. Akatulia. Akili ni mali!

Jumatano, 6 Agosti
Nimepima tena. Na tena. Bega linauma kwa kubeba vilele. Tingatinga sasa mlio ukianza anakuja mwenyewe, mate yanamtoka, ananitazama machoni. Anapenda sayansi. Mstari unaonyesha besi, ule mngurumo wa chini, ikipita nusu, spika inakwaruza. Basi iwe nusu. Lakini isukuti ya nusu ni isukuti gani? Nimepandisha mpaka mwisho.

Alhamisi, 7 Agosti
Lynette amekuja bila kualikwa. Ana kibanda cha kutengeneza simu ng'ambo ya barabara, na diploma anayoitaja kabla ya salamu. Akasema besi hiyo itanyonya betri mpaka kikompyuta kizimike na kuanza upya. Akasema niuondoe mlio wa kupimia, usianze kila ninapowasha. Akasema nijaribu nje kwa betri, si ndani kwa umeme wa ukutani. Yote hayo kwa pumzi moja, huku akitafuna karanga zangu. Wivu tu! Anakitaka chumba changu. Nimemshukuru kwa upole na sijagusa kitu. Fundi wa kweli hupima kabla ya kazi, na watu wasikie kwamba amepima.

Ijumaa, 8 Agosti
Mvua. Nimelala mchana. Baba mdogo alikuja kuuliza kama ngoma iko tayari. Nikamwambia iko. Akanishika bega, akasema tangu marehemu baba yangu atuache hajawahi kunitegemea kwa jambo lolote, ila kesho ananitegemea. Nilijisikia vibaya kidogo. Nikalala tena.

Jumamosi, 9 Agosti
Sijui nianzie wapi. Uwanja ulijaa. Fahali wa upande wa pili, Mtihani, aliletwa na isukuti, tena wale wale waliotugomea! Wakanipungia mikono. Sisi tuliingia kimya kama wafiwa. Tulikubaliana niwashe pembe zikishikana. Zikashikana. Na nasema kweli, Tingatinga alikuwa anasukuma, Mtihani anarudi nyuma, baba mdogo anarukaruka kama kijana. Nikawasha. Mlio ukapanda, safi kabisa. Kisha ngoma. Du! Kikompyuta kikazimika, kikaanza upya. Mlio. Du! Mlio. Du! Mlio.

Tingatinga akatega sikio. Akaachia pembe. Akampa mwenzake mgongo, akavuka uwanja mzima mpaka kwangu, akasimama mbele ya spika na kufungua mdomo. Fahali akigeuka ameshindwa, hata mtoto wa Khayega anajua. Watu walicheka mpaka wakakaa chini kwenye matope. Baba mdogo hakucheka, wala hakunitukana. Alivua kofia, akashika kamba, wakaenda nyumbani kwa miguu, yeye na fahali wake. Afadhali angenitukana. Niliona aibu, aibu ya kweli, mpaka chakula cha jioni kikanishinda.

Jumapili, 10 Agosti
Kuku wamehamia. Mmoja ametaga juu ya meza yangu ya kulehemu. Nimekaa kwenye gunia nikiwatazama, nao wananitazama kama mpangaji aliyechelewa kuondoka.

Baada ya kanisa akaja Mzee Wanyonyi wa Navakholo. Jana alikuwa uwanjani. Akasema ng'ombe wake kila jioni wanaingia kwenye miwa ya watu, na miguu yake imeisha kwa kuwafukuza. Anataka kisanduku kama changu. Ngoma hataki, mlio tu, ng'ombe waje wenyewe. Akasema ana chumba kitupu sokoni, kina umeme, nikae humo nifanye kazi zangu. Baba mdogo alikuwa mlangoni. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu jana. Akasema, "Cornelius, kijana yangu, bahati haibishangi hodi mara mbili. Chukua."

Nikamjibu mzee kwa heshima zote kwamba mimi si mtu wa kuita ng'ombe. Mimi natengeneza vyombo vya vita. Mzee akaitikia kwa kichwa, akavuka barabara moja kwa moja mpaka kwa Lynette.

Baba mdogo ameingia ndani. Mimi nimebaki hapa, nimefikiri mchana kutwa, na kosa nimeliona. Besi ilikuwa ndogo.