Selotepu ya Mtaalamu

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa mama mmoja fundi cherehani: PRINTA INAUZWA, IMETUMIKA, NZIMA. Mtaalamu alilisoma mara mbili, akatazama kama kuna mwingine aliyeliona, kisha akamshukuru Mungu. Mungu hakuwa amehusishwa, lakini tuendelee.

Mtaalamu hakuwa na utaalamu. Alikuwa na shati jeupe, bisibisi mfukoni na kipande cha selotepu kiganjani. Akiitwa kukagua printa ya mtu, alitoa katriji za wino, akazitazama kwa huzuni, na wakati wa kuzirudisha akabandika selotepu pale wino unapotokea. Ukurasa wa majaribio ulitoka mweupe. Mwenye mashine alikata tamaa, akamuuzia kwa bei ya chuma chakavu. Nyumbani Mtaalamu alibandua selotepu, mgonjwa akapona.

Safari hii alikuwa na haraka ya aina yake. Alikuwa amepeleka posa, na jibu lilikuwa mikononi mwa shangazi wa msichana, mjane anayechapa karatasi za ibada, ambaye ndiye aliyemlea. "Baba," shangazi alimwambia, "kabla sijakujibu, nitafutie printa. Iwe imetumika, ila uikague kwa mkono wako mwenyewe."

Mtaalamu alimpenda yule msichana kweli, hilo tusimnyime. Hakuona tu kwa nini mapenzi yazuie faida. Angenunua kwa nusu bei, amuuzie shangazi kwa bei kamili, halafu aongeze kidogo ya usafiri.

"Hodi, mama."

"Karibu, mwanangu. Unashonesha au unanunua?"

"Nimekuja kuona mgonjwa."

Printa ilikaa kati ya vitambaa, safi, karatasi zimejaa kwenye trei ya chini. Mtaalamu alibonyeza kitufe cha majaribio. Mashine ilikohoa, ikatoa ukurasa wenye mistari ya rangi zote, imenyooka kama ya rula. Akaipitishia kidole. Pakavu kabisa. Wino wake unakauka upesi, aliwaza. Hii lazima iugue.

"Kwa nje inapendeza, mama. Ngoja nione kifua."

Akafungua kifuniko, akatoa katriji, akaguna, akatikisa kichwa, akazirudisha. Selotepu ilikuwa imeshafika inapofika siku zote.

"Mama, nikufiche ukweli?"

"Usinifiche."

"Kichwa cha wino kimeziba. Ule ukurasa ulikuwa wa kuaga. Sasa utatoka mweupe, na ukitoka mweupe usilie. Mimi nitaichukua hivyo hivyo, kwa kukuhurumia."

Akabonyeza kitufe huku ameshainamisha kichwa, kama mtu aliye msibani. Ukurasa ukatoka. Mistari yote ilikuwapo, nyekundu yake nyekundu, njano yake njano.

"Mgonjwa amefufuka," alisema fundi cherehani.

Mtaalamu alibonyeza tena. Ikatoka mistari ile ile.

"Mbona unatokwa jasho, mwanangu?"

"Joto tu, mama."

Afanyeje? Hakuweza kuuliza wino unapitaje kwenye selotepu bila kueleza selotepu imefikaje pale. Akajiambia itakuwa imebanduka. Alitaka kufungua achungulie, lakini yule mama alikuwa amesogeza kiti, anamtazama bila kupepesa.

"Mashine yenye afya hivi, bei yake ni kamili, sipunguzi. Na kuna mwingine anakuja jioni."

Mtaalamu alilipa yote. Mkono ulikuwa mzito, lakini ulilipa.

Kesho yake aliiweka mbele ya shangazi, na yule msichana akiwa amekaa pembeni.

"Umeikagua?"

"Kwa mikono yangu hii, shangazi. Nzima kabisa."

Shangazi alivaa miwani, akatoa karatasi zilizokuwa kwenye trei, akaweka zake mpya, akabonyeza. Ukurasa ukatoka mweupe.

Mtaalamu alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayejua. Akafungua, akaikuta selotepu mahali pake, akaibandua mbele ya wote. "Hii huwekwa kiwandani, shangazi, wino usimwagike njiani."

"Kiwandani," alisema shangazi. "Printa hii imekaa kwenye meza hii hii tangu marehemu mume wangu yuko hai. Ilikufa mwezi uliopita; inavuta karatasi tu, wino hautoki. Fundi cherehani ni mwenzangu wa kwaya, nilimwomba anihifadhie na abandike lile tangazo."

Akabonyeza tena. Mweupe.

Akachukua zile karatasi alizozitoa kwenye trei, akazigeuza. Upande uliokuwa umelala chini, kila moja ilikuwa na mistari ya rangi, imechapwa mapema kwenye mashine nyingine.

"Nilitaka kujua mambo mawili, baba. Kama wewe ni fundi, ungetumia karatasi yako, na ungeshangaa wino uliotoka sasa hivi hauchafui kidole. Basi, si kila mtu fundi, hilo ningelisamehe. La pili ni kama wewe ni mwaminifu."

Akanyoosha mkono. Mtaalamu alimpa selotepu.

Msichana hakulia. Alisimama, akaingia ndani, na mlango ukafungwa taratibu, jambo lililomuumiza Mtaalamu kuliko kama ungebamizwa.

Shangazi akatoa bahasha. "Hela yako hii hapa yote, hesabu. Ya namna hii hailali nyumbani kwangu. Na printa yako usiisahau."

"Na jibu la posa, shangazi?"

Shangazi alimkabidhi ule ukurasa mweupe.