Kamati ya Kurudi Tulikotoka

Jumatatu asubuhi, wananchi wa Nova Valgarda, mji wa wajukuu wa wahamiaji ng'ambo ya bahari, walitangaziwa kwamba wanarudi Ulaya.

Tangazo lilipita na gari la vipaza sauti, lile lile linalotangaza misiba na gesi ya kupikia, ndiyo maana kina mama wawili walianza kulia kabla hawajasikia vizuri. "Serikali ya Mji," gari lilinguruma likipanda mtaa wa kanisa, "ina furaha isiyo kifani kuunda Kamati ya Kurudi Tulikotoka! Ujumbe rasmi utazunguka Ulaya kwa barabara na kuzuru vijiji vya mababu zetu! Basi dogo la wagonjwa linahitajika kwa mazoezi ya safari. Wagonjwa wanaombwa wawe na subira na maradhi yao!"

Katibu wa Kamati, Bwana Olinto Menegat, alikuwa dirishani ofisini, kibuyu cha chai chungu ya majani mkononi, akisikiliza sentensi zake zikipita mtaani. Subira na maradhi. Hiyo aliitunga yeye. Alikuwa ametoka idara ya mabomba, na mabomba hayampi mtu nafasi ya kuandika vizuri.

Safari yenyewe ilikuwa wazo la Meya, Mheshimiwa Ademar Scarpelin. Tangu achaguliwe, Meya alikuwa amegundua kwamba ukoo wake haukuvuka bahari kwa sababu ya njaa kama koo za wengine, bali ulitoka ngomeni. Ushahidi ulikuwepo: picha ya ngome, yenye fremu, ukutani kwake. Mtu angetaka ushahidi gani zaidi?

Hapo ndipo lilipotokea Azimio la Heshima ya Koo. Nova Valgarda nzima inagawana majina manne ya ukoo, kwa hiyo tangu zamani kila nyumba ina jina lake la utani, na bila jina hilo hata barua haifiki. Kuna Scarpelin wa Lala-Kanisani, kuna Menegat wa Suruali-Moja. Azimio liliyapiga marufuku majina yote hayo kuwa ni ya kishamba. Watu walitii. Ilipofika zamu ya kuitaja nyumba ya Meya walikuwa wanakohoa tu, na kila mtu alielewa ni kikohozi gani.

Mchana wa Jumatatu hiyo hiyo Bibi Genoveva Dal Bosco aliingia ofisini na matope yake, mkononi kitu kirefu kilichofungwa kwa taulo la jikoni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kiti changu kiko wapi?"

"Hiki hapa, Bibi, keti."

"Si hicho, wewe! Cha kwenye safari."

Olinto alizungusha kibuyu. Meya alikuwa amemwahidi Bibi kiti hadharani wakati wa kampeni, akiwa amemkumbatia mbele ya kamera, kwa kuwa Bibi ndiye pekee aliyebaki mjini anayesema lugha ya mababu bila kuitia Kireno cha huku. "Bila Bibi hatuendi!" alisema Meya siku ile, na picha ilitoka vizuri.

"Kiti kimefanyiwa marekebisho ya kimuundo," alisema Olinto.

"Kimevunjika?"

"Kimekaliwa. Na Bwana Claudiomir. Ni Mshauri wa Mandhari."

"Claudiomir shemeji yake Meya? Anaishauri mandhari ifanye nini?"

Olinto alisema wadhifa huo bado unaandikiwa majukumu. Bibi akafungua taulo, akaweka juu ya meza mwiko wa polenta, ule ugali wa mahindi wa mababu, mweusi, uliolika upande mmoja kama mwezi mchanga.

"Unajua hiki ni nini?"

"Mwiko, Bibi."

"Huu ni wizi. Bibi yangu alimpa Catina, dada mkubwa wa mama. Mama akaukwapua siku ya kuondoka, akauficha ndani ya sketi. Catina akasimama mlangoni anapiga kelele, 'Mwiko wangu! Mwiko wangu!' mpaka mkokoteni ukapotea. Hawakuonana tena. Mama anakufa ameushika mkono wangu hivi: 'Genoveva, kamrudishie.' Catina ameshakufa, lakini binti yake yupo, nyumba ni ile ile, huko Col di Sora. Mimi sitaki ngome, Olinto. Nataka mlango mmoja. Nigonge, niutoe, niseme samahani. Basi."

Olinto aliutazama mwiko kwa muda mrefu kuliko taratibu zinavyoruhusu. Kisha akasema kwamba suala limepokelewa.

Suala lilipofikishwa kwa Meya, lilitatuliwa papo hapo. "Bibi atashiriki kikamilifu!" alisema. "Kwenye mazoezi, nyumba yake itakuwa kijiji cha Ulaya, na yeye atakuwa Jamaa Aliyebaki. Atatupokea. Wadhifa mkubwa huo! Na Kifungu cha Saba cha kanuni za safari umekiandika?"

Olinto alikuwa amekiandika, na alikipenda. Kilisema: *Msafiri ambaye asili aliyojitangazia haitatambuliwa na Jamaa Aliyebaki hatasafiri, na kiti chake kitapewa mtu aliye karibu zaidi na asili.* Kilitegwa kwa ajili ya diwani wa upinzani, Ivanir, ambaye sheria ilimlazimisha Meya ampe nafasi. Kwenye sehemu ya asili Ivanir alikuwa ameandika neno moja: njaa.

"Kifungu kizuri sana," alisema Meya. "Kina meno."

Mazoezi yalifanyika Jumapili, mwezi wa Julai, baridi ikikata masikio na manyunyu yakidondoka tangu misa ya kwanza. Basi la wagonjwa lilibeba ujumbe, gari la vipaza sauti likifuata nyuma ili mji uisikie historia ikitendeka. Machimbo ya mawe yalikuwa milima ya Alpi. Machinjio ya kuku yalikuwa Venezia, kwa sababu ya maji yanayotuama mbele ya lango. Claudiomir aliwashauri wote watazame kushoto, na walipotazama kushoto wakaona kulia ndiko kuzuri zaidi, lakini ratiba ilikuwa imeshasonga.

Mwishowe wakafika kwa Bibi. Nyumba ya mawe, moshi unatoka, na ndani harufu ya soseji, divai na polenta ya moto ambayo ingemwinua maiti. Majirani walikuwa wameshajaa humo. Mlango ulikuwa umefungwa.

Meya alishuka na utepe wake wa rangi kifuani. "Enyi damu yetu mliobaki!" alisoma. "Leo wana wa ngome wamerejea!"

"Nani huko?" sauti ya Bibi ikauliza kutoka ndani.

"Ujumbe rasmi wa Nova Valgarda!"

"Simfahamu huyo."

"Ni Meya! Ademar Scarpelin!"

"Kina Scarpelin ni wengi kama viroboto. Wewe ni wa nani?"

Ndivyo ilivyo desturi pale, tangu enzi za taa za mafuta: hakuna anayepita mlango wa mwenzake jioni ya baridi bila kutaja jina la nyumba yao. Anayekataa kulitaja, ana lake jambo. Azimio la Heshima lilikuwa limesahau kwamba Bibi leo yuko Ulaya.

Ivanir ndiye aliyesogea kwanza. "Bibi! Ivanir, wa Lala-Kanisani!"

"Mlikimbia nini?"

"Njaa, Bibi!"

"Hata sisi tuliobaki tuliiona. Pita, polenta isipoe."

Mlango ukafunguka, mvuke ukatoka, mlango ukafungwa. Claudiomir alimtazama shemeji yake, akautazama mlango. Pua ilimshinda.

"Claudiomir," alisema chini chini. "Wa Kopa-Chumvi."

"Sauti!"

"WA KOPA-CHUMVI!"

"Ingia. Chumvi iko mezani, usiondoke nayo."

Ndani wakacheka mpaka vyombo vikalia. Wakabaki wawili kwenye manyunyu.

"Olinto," alinong'ona Meya, "badilisha kifungu."

"Mhuri uko ofisini, Mheshimiwa."

"Basi amuru mlango ufunguliwe."

"Amri yetu haifiki hapa, Mheshimiwa. Kwa mujibu wa ratiba, hapa ni Ulaya."

Olinto alisema hivyo kwa uaminifu kabisa. Kisha, kwa kuwa baridi ilikuwa imemfika kwenye mifupa, akapaza sauti: "Olinto, Bibi! Wa Suruali-Moja!" Babu yake na kaka wa babu walimiliki suruali moja; mmoja akienda misa ya kwanza, mwingine anamsubiri kitandani aende ya pili. Olinto alikuwa hajalitamka jina lile tangu uchaguzi. Alishangaa kuona haliumi. Lilikuwa na joto.

"Wewe ingia, na miguu yako yote miwili!"

Lakini Olinto alibaki kizingitini, maana katibu hamwachi kiongozi wa msafara nje. Meya aliukaribia mlango, akaweka mdomo kwenye ufa.

"Wa... wa Wezi-wa-Kuku," alisema.

"Sikusikii, mwanangu. Upepo!"

"Wa Wezi-wa-Kuku."

"Eti?"

Ni jukumu la katibu kuhakikisha kiongozi wa msafara anasikika. Olinto akaenda kwenye gari la vipaza sauti, akavuta waya, akamkabidhi Meya maikrofoni kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Meya, kwa mazoea ya kazi, alipoiona akavuta pumzi.

"WA WEZI-WA-KUKU!"

Vilima vikajibu. Mbwa wa bonde zima wakabweka. Inasemekana hata kule Venezia, kwenye machinjio, kuku walinyamaza kidogo.

Mlango ukafunguka wazi. "Kumbe ni Ademar!" alisema Bibi. "Si ungesema mapema, unyeshewe kwa sababu gani? Ingia, ingia."

Meya alikula sahani tatu bila kuinua macho. Ilipofika zamu ya divai, Olinto alisimama na kuuliza rasmi kama Jamaa Aliyebaki anaitambua asili ya ngome ya Mheshimiwa.

"Ngome?" alisema Bibi. "Col di Sora hakuna ngome. Lakini asili yake naitambua sana. Ni banda la kuku la bibi yangu. Usiku mmoja walilala kuku, asubuhi hapakuwa na kuku wala kina Scarpelin."

Olinto akaandika. Kesho yake aliiweka taarifa mezani, chini ya picha ya ngome.

"Unanifuta mimi?" aliuliza Meya.

"Si mimi, Mheshimiwa. Ni Kifungu cha Saba. Kina meno."

Meya alishika kalamu, akaiweka, akatazama dirishani. Nje, watoto wa shule walikuwa wanapita wakiwika kama majogoo. Akatia sahihi haraka, kama mtu anayekunywa dawa. Kiti kikaenda kwa aliye karibu zaidi na asili, na mwiko wake.

Ujumbe ulizunguka Ulaya kwa gari la kukodi, na taarifa ya kila Jumapili ikatumwa kwa simu na kurushwa mtaani kwa vipaza sauti. Jumapili ya pili ilisikika sauti ya Bibi, inakwaruza juu ya mapaa.

"Nimegonga! Binti yake Catina amefungua, akauliza mimi wa nani. Nikautoa mwiko. Ameutazama, akanichapa nao begani, tap, kisha tukalia wote wawili mpaka maji ya polenta yakakauka motoni!"

Mtaa wa kanisa ulisimama. Safari hii kina mama walilia mahali panapostahili. Meya alikuwa barazani pa ofisi yake, akipiga makofi taratibu, uso wa kiongozi mwenye moyo mkubwa.

"Halafu kijiji kizima kimekuja," Bibi akaendelea. "Wameniuliza Meya wetu ni wa nani. Nikasema, wa Wezi-wa-Kuku. Wazee wote wakasimama! 'Hatimaye!' wakasema. Wamefagia banda, Ademar! Wanauliza utawaleta lini."

Jumatatu asubuhi gari lilipanda tena mtaa wa kanisa. Serikali ya Mji ilikuwa na furaha isiyo kifani kuunda Kamati ya Kurejesha Kuku. Mwenyekiti: Mheshimiwa Ademar Scarpelin, wa Wezi-wa-Kuku. Mtaa mzima ulisikiliza mpaka mwisho, na hakuna hata mmoja aliyekohoa.