Alikuwa na Nani Wimbo Ulipopigwa?

Jumatatu, 3 Machi

"Hakuna wimbo mzuri wala mbaya. Mtu huupenda wimbo kwa sababu ya aliyekuwa naye siku alipousikia mara ya kwanza. Basi." Hayo ni maneno ya Kinyozi, ameyatamka leo saa nne asubuhi, wembe wake ukiwa shingoni mwangu. Ujinga mtupu! Na ujinga ulioshika wembe ni mgumu kuujibu.

Nikaujibu hata hivyo. Nilisimama, povu shavu moja, nikamweleza kwamba wimbo ni kazi ya sanaa: una maneno, una mizani, una hoja, na mtu mwenye akili timamu hupenda kilicho bora. Nikataja wanafalsafa watatu. Wateja waliokuwa kwenye benchi wakahamia nje mmoja mmoja. Nahesabu huo kuwa ushindi.

Kinyozi akapangusa wembe taratibu. Akasema sawa, profesa, nimekusikia. Na shemeji je? Ule wake wa "Kiatu Kimoja" nao una hoja gani?

Kicheko! Hata waliokuwa nje walicheka.

Mke wangu ni fundi cherehani. Duka lake ni chumba chetu cha mbele, mkabala na kinyozi. Mimi husahihisha vitabu vya kiwanda cha uchapaji kwenye meza iliyo nyuma ya mgongo wake. Kwa miaka kumi na moja sasa, kila anapotunga uzi sindanoni, huimba "Kiatu Kimoja". Ni wimbo wa bwana mmoja aliyepoteza kiatu njiani akienda harusini. Neno "kiatu" limo mara arobaini na moja. Nimehesabu. Vina hakuna. Mpiga ngoma ama kalewa ama anaumwa.

Tazama mtego wenyewe. Kama niko sahihi mimi, basi nimeoa mwanamke asiyejua kupambanua pumba na mchele. Kama yuko sahihi Kinyozi, mke wangu alikuwa na mtu.

Nani?

Nimerudi nyumbani nimenyolewa nusu.

Jumanne, 4 Machi

Mbinu ya kisayansi. Nimeandaa dodoso la maswali ishirini na mawili, nikalipa kichwa cha habari "Utafiti wa Jumla kuhusu Muziki Majumbani". La kwanza linauliza jinsia. La tisa, limejificha katikati kama sindano kwenye godoro, linauliza: Mara ya kwanza kuusikia wimbo huo ulikuwa na nani? Taja wote.

Nikaliweka kando ya cherehani, nikatoka ili nisimshawishi. Niliporudi lilikuwa limekatwa. Amelifanya kiolezo cha kola! Swali la tisa limeangukia kwenye shingo ya gauni la mtu.

Nikamuuliza mbona hakujibu. Akasema, pini zikiwa mdomoni, kwamba alidhani ni karatasi zangu za kawaida, zile ambazo hakuna anayezisoma.

Mkwepo mtupu. Nimeandika pembeni: "anakwepa".

Jumatano, 5 Machi

Nimempigia simu dada yake. Nikaanza kwa mbali: afya, watoto, hali ya hewa, kuporomoka kwa uhakiki katika magazeti. Akaniambia shemeji, nina sufuria jikoni, sema unachotaka. Nikasema. Alicheka mpaka simu ikamwanguka. Nilimsikia akicheka sakafuni. Aliporudi akasema, "Muulize mwenyewe, shemeji. Mimi simo humo."

Simo humo! Kwa hiyo kuna humo. Mtu hawezi kutokuwemo mahali pasipokuwepo.

Jina limenijia nikiwa naoga: Muuza Vifungo. Huja kila Alhamisi na boksi lake la vifungo na zipu. Hupiga mbinja. Mwanamume mwenye dhamiri safi ana sababu gani ya kupiga mbinja?

Mpango: kesho atakapoingia, "Kiatu Kimoja" upigwe kwa sauti kubwa, nami niwe nimejificha nyuma ya pazia la kujaribia nguo nikiwatazama nyuso. Tatizo: redio ya kanda yenye sauti ya kufika kwetu ni ya Kinyozi. Nikavuka barabara, nikalimeza tonge la aibu, nikamwomba. Alikubali upesi mno. Akaniuliza kama nitahitaji kiti.

Alhamisi, 6 Machi

Saa tano kasoro nilikuwa nyuma ya pazia, daftari mkononi. Saa tano Muuza Vifungo akaingia. Wimbo ukafumuka kutoka ng'ambo, vioo vikatetemeka.

Nilichokiona: Muuza Vifungo akihesabu vifungo, mke wangu akitunga uzi, akiimba. Hawakutazamana hata mara moja. Hata mara moja! Watu wasio na siri hutazamana.

Nilikuwa naandika sentensi hiyo pazia lilipofunguliwa. Mwalimu mkuu wa shule ya wasichana alikuwa amekuja kujaribu gauni, mkono mmoja umeshatoka kwenye koti. Akapiga ukelele. Nikamwamkia. Nilidhani adabu ingesaidia. Akanitandika na mkoba, nikarudi kinyumenyume juu ya boksi, na vifungo mia kadhaa vikatawanyika chini ya kila kitu kilichomo chumbani.

Sikuipoteza nafasi. Tukiwa tunaokota, magotini wote wawili, nikamnong'oneza Muuza Vifungo nikimtaka aniambie miaka kumi na moja iliyopita alikuwa wapi. Akasema darasa la tano, mzee.

Nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza. Kweli, ndevu hana.

Mwalimu mkuu ameondoka na vitambaa vyake. Vyote, pamoja na vya sare arobaini za kwaya ya shule, kazi ambayo mke wangu aliifukuzia tangu mwaka jana. Ng'ambo ya barabara Kinyozi alikuwa amekaa mlangoni pake, kwenye kiti.

Mke wangu anapiga pasi kitu ambacho kimeshanyooka.

Ijumaa, 7 Machi

Amesema Jumapili anakwenda kwa dada yake. Nikamuuliza kwa siku ngapi. Akasema ataona huko huko.

Sikushtuka. Watu hutembeleana. Halafu nikamwona anafunga kwenye shuka ile cherehani ndogo ya mkono, ile aliyokuja nayo alipoolewa nami, akazungushia kamba mara tatu. Mtu anayekwenda kutembea habebi cherehani.

Nimesahihisha ukurasa mmoja tu leo, tena nimeusahihisha mara nne. Chumba hiki bila yeye mbele yangu ni meza na ukuta.

Lakini hoja ni hoja. Siwezi kuiacha ipotee kwa sababu ya shuka na kamba.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemuuliza waziwazi. Nilianza na utangulizi mfupi kuhusu asili ya mapenzi ya nyimbo, dakika arobaini hivi, kisha swali. Alikuwa nani?

Akaweka mkasi chini. Akasema, "Mume wangu, alikuwa wewe."

Nikataka ushahidi. Akanipa. Alinikumbusha mwaka nilipougua koo, daktari akanikataza kusema siku tisa. Siku tisa nilikaa kwenye meza hii hii nikiwa bubu. Kinyozi ndiyo kwanza amefungua, anao wimbo mmoja tu, anaurudia kutwa. Mke wangu akasema hiyo ndiyo mara ya kwanza kuusikia wimbo wowote humu ndani tangu mwanzo hadi mwisho. Akasema siku zile nilimkunjia nguo za wateja. Nilimpelekea chai bila kueleza chai ilianzia wapi. Siku ya nne niliacha kalamu nikamtazama akishona mpaka akamaliza gauni zima, naye hajawahi kushona gauni zuri kama lile. "Nikiimba vile," akasema, "nakuwa namwita yule wa siku tisa."

Nikamweleza kwamba siku tisa ni sampuli ndogo.

Ni kweli lakini! Zaidi ya hayo, tazama Kinyozi atasemaje akisikia.

Jumapili, 9 Machi

Amenipa sharti asubuhi, shuka likiwa tayari mlangoni. Nikae kimya wimbo mmoja tu, mwanzo hadi mwisho. Dakika nne. Nikiweza, cherehani inarudi chini ya meza, naye harudii habari ya pazia. Nikakubali kwa kutikisa kichwa, kuonyesha kwamba nimeshaanza.

Akavuka mwenyewe kumwambia Kinyozi. Akarudi, akakaa kwenye cherehani kubwa, mguu juu ya pedali. Wimbo ukaanza.

Ubeti wa kwanza: kimya. Ubeti wa pili: nikachukua shati, nikalikunja. Jua lilikuwa limemwangukia begani. Aligeuka kidogo akanitazama, na nitakiri hapa, kwa kuwa hii ni shajara yangu, kwamba wimbo ule ulikuwa karibu kuwa mzuri.

Ubeti wa tatu yule bwana wa kiatu analalamika kwamba lami inamuunguza miguu yote miwili.

Yote miwili! Amepoteza kiatu kimoja! Kingine anacho! Mguu wenye kiatu unaunguaje? Niliishika meza. Nilijishika mdomo. Watu wamepotoshwa na ubeti huu kwa miaka kumi na moja na hakuna aliyesimama. Nikasimama. Nilisema kwa ufupi, nikagusia mantiki, kisha wajibu wa mtunzi, kisha mifano kutoka vitabu ninavyovisahihisha. Nilipogeuka kumwonyesha mfano wa sita, kiti kilikuwa kitupu, na mlangoni hapakuwa na shuka. Dirishani nilimwona Kinyozi amelibeba begani, anamsindikiza kituoni.

Hitimisho. Ameondoka bila kujibu hoja hata moja. Kwa hiyo hoja zimesimama. Wimbo ni mbaya, na sasa nina ushahidi wa ubeti wa tatu. Kesho nampelekea kwa dada yake waraka wa kurasa kumi na nne. Nikipata muda nitaufikisha ishirini.

Na ninyi waume mtakaoisoma shajara hii siku itakapochapishwa, ninyi ambao wake zenu wanaimba kitu sasa hivi chumba cha pili: wekeni kitabu chini. Inukeni, nendeni mkawasahihishe. Msingoje ubeti umalizike.