Mkate wa Mvuke Ndani ya Kifumbu cha Bibi

Jumatatu, 10 Julai 1972
Mjomba Abeid katoa hukumu. Nisipopata kazi kufikia Ijumaa, napelekwa Kitaya, shambani kwake, kufukuza nyani. Mimi! Mtu niliyefika darasa la sita, nikaliacha kabla halijaniacha! Nimekwenda kwa Erasto, mpishi kwenye nyumba ya madaktari wa Kichina. Anatafuta msaidizi. Nimemwambia ile mikate yao ya mvuke naipika nimefumba macho. Nimeshauona mmoja. Jana. Mweupe, laini, kama shavu la mtoto wa tajiri. Kasema nimpelekee Alhamisi. Thabiti, jirani yetu, naye anaitaka kazi hiyo. Yeye kamwambia Erasto kwamba hajui kupika chochote. Mjinga! Nani anaomba kazi hivyo?

Jumanne, 11 Julai
Hamira imekwisha maduka yote ya Chikongola. Si neno. Bibi Hamisa vitumbua vyake huviumulia tembo la mnazi tangu ujana, nami si mjukuu wake? Nimechukua chupa kwa Domingo mgema. Nikakanda, nikaviringa madonge kumi, nikayatumbukiza kwenye maji yanayochemka. Kufunua: uji! Thabiti kachungulia uani, kauliza mgonjwa ni nani. Jioni mjomba kaninusa mikono, kaapa nimelewa. Nimemwambia ni dawa ya Kichina.

Jumatano, 12 Julai
Nimegundua! Maji yakae chini, mkate ukae juu. Sijui kama Wachina wenyewe wanalijua hili. Chombo? Kifumbu cha Bibi, kile cha ukindu anachochujia tui. Nikakishindilia unga niliokanda kwa tembo lile lile mpaka mdomoni, nikakining'iniza ndani ya sufuria kubwa, nikafunika. Ukaumuka, jamani! Ukainua kifuniko! Ila umegoma kutoka. Umevimba humo humo, umekaza. Nimemweleza Thabiti kwamba mkate wa heshima hupelekwa na nguo yake. Bibi anakitafuta kifumbu nyumba nzima. Nimemsaidia kutafuta.

Alhamisi, 13 Julai
Nimeingia jikoni kwa Erasto, mzigo kichwani. Daktari mwenyewe, mama wa Kichina, akaja kuuona. Akaubonyeza huku na huku kama tumbo la mgonjwa, akauliza umeanza kuvimba lini. Nikajibu jana mchana. Erasto akapitisha kisu, kifumbu na mkate pamoja. Nje umeiva. Ndani ukamwagika mezani, harufu kama kilabuni siku ya sikukuu! Daktari alicheka mpaka akashika ukuta. Na kazi kapewa nani? Thabiti! Eti asiyejua hufundishika. Tena hana haya, njiani akanipa pole.
Nikamrudishia Bibi kifumbu chake, vipande viwili. Alivitazama sana. Kisha akamwambia mjomba kwamba huyu mume wake mdogo asingoje Ijumaa, aondoke na gari la alfajiri.

Jumapili, 16 Julai. Kitaya
Nyani wa huku hawana adabu hata kidogo. Lakini watu wanajua kuthamini mtu. Jirani yetu Lucinda, aliyevuka mto kutoka upande wa Msumbiji, kaniuliza mjini nilikuwa nafanya nini. Nikamwambia nilikuwa na madaktari wa Kichina. Uongo uko wapi? Si nilikuwa nao? Kumbe mama yake anaumwa jino, wiki ya pili hajalala. Nimewaambia wamlete kesho asubuhi. Koleo nimeazima kwa fundi baiskeli. Jino lenyewe moja tu, litanishinda nini?